Nilivyoipeleka Simu Yangu Kubwa kwa Mama Mkwe

Wanakwaya wenzangu, tangu nirudi hamniachi nipumue. Kila mmoja ananishika mkono mlangoni mwa kanisa na kuninong'oneza: ati ni kweli mama mkwe alikuona? Nikimjibu mmoja, mwingine anasikia nusu na kuongeza chumvi, na sasa huko kijijini Kwanza kuna watu wanaosema nilitozwa ng'ombe. Sikutozwa hata kifaranga. Nisikilizeni mara hii moja, tangu nilipotoka hapa Kitale mpaka niliporudi, kisha mniache nifundishe nyimbo.

Kabla ya kutoka Kitale

Simu yenyewe mnaijua, maana mmeicheka vya kutosha. Niliinunua macho yangu yalipoanza kukataa kusoma maneno ya nyimbo. Muuzaji aliponitolea hii, kubwa kama daftari la shule, nikajua nimepata mwenzangu. Haiingii mfuko wowote wa suruali. Mke wangu Nekesa aliishonea mkoba kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare zenu, nami nikawa nauvaa begani kama mwanafunzi. Nikipigiwa sokoni, shavu lote hufunikwa, na mama wa nyanya huniuliza kama naongea na ukuta. Nikisoma ujumbe, aliye nyuma yangu naye anausoma. Siku moja bwana nisiyemjua aliniambia jibu langu lilikuwa kali mno, nilipunguze. Nikiisoma nimelala chali na usingizi ukanichukua, huniangukia puani. Lakini naipenda. Nikiiegemeza kwenye debe la mahindi, nyumba nzima tunatazama mpira bila kusukumana. Mtu akiisema vibaya nachukia, na hilo pia mnalijua.

Sasa, Nekesa aliteleza kwenye ngazi ya ghala akavunjika mguu. Akafungwa plasta, akarudishwa nyumbani, akaambiwa asikanyage chini. Habari zikafika kwao Lwakhakha kabla yetu, na njiani zikanenepa. Wa kwanza alisema ameanguka. Wa pili alisema hajitambui. Kufikia wa tatu, mama yake, ambaye kijijini wanamwita Mama Simiyu, alikuwa ameshaamua kwamba binti yake amekufa na sisi tunamficha.

Msimcheke. Baba mkwe alipofariki hospitalini, watoto waliogopa kumwambia mama. Walimwambia mzee anaendelea vizuri, ameanza kunywa uji, kesho anatoka. Mama akafagia uwanja, akachinja kuku, na kilichoingia uwanjani kilikuwa gari lenye jeneza. Tangu siku hiyo, ukimwambia mtu anaendelea vizuri, yeye anatafuta kitambaa cha kulilia.

Nekesa alimpigia simu mara nyingi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe ni Nasimiyu. Nyinyi sauti yenu ni moja." Nasimiyu ni dada yake Nekesa, na kweli, hata mimi huwachanganya. Shemeji yangu Simiyu, anayefanya kazi Bungoma mjini, alikwenda na simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka ili mama amwone binti yake. Mama akaikodolea, akasema anaona harage. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezibwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linafuata. Alikuwa amengoja muda mrefu zamu yake ya upasuaji, na gari la madaktari wa macho lilikuwa lije kuchukua wagonjwa kanisani kwao Ijumaa ile asubuhi. Akakataa kwenda.

"Macho ni ya kuona nani?" alimwambia Simiyu. "Mwenye nilitaka kuona mmemzika bila mimi."

Nekesa alilia siku nzima. Jioni akafuta uso, akautazama mkoba wangu. "Hiyo simu yako," akasema. "Kwenye hiyo uso utakuwa kama uso."

Nikamwambia nitaituma kwa Simiyu. Lakini simu ile hufunguka kwa kuuona uso wangu, na ile namba ya kuifungua ukikosa uso aliiweka binti yetu Nafula, naye ameshaisahau.

"Basi enda na uso yako," akasema Nekesa.

Hapo jasho likanitoka. Wale wenu ambao si wa kwetu nawaeleza: sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawaketi nyumba moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Miaka yote niliyokaa na Nekesa nilimjua mama yake kwa kikohozi, kwa ncha ya leso ikipotea nyuma ya jiko, na kwa kuku anaonipikia na kuwatuma kwa mtu mwingine. Nilimpenda hivyo hivyo. Lakini mwenzenu alikuwa hajawahi kumtazama usoni, na hakutaka kuanzia siku hiyo.

Kitale hadi Ndalu

Alhamisi asubuhi nilipanda pikapu ya jirani yetu Baba Njoroge, aliyekuwa akipeleka mbegu za viazi Ndalu. Wazazi wake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, naye analima Kwanza. Ndiye pia aliyekubali mke wake ashinde na Nekesa, na simu ya mke huyo ndiyo Nekesa angetumia kunipigia.

"Mwalimu, hiyo TV itakaa mbele ama nyuma?" akaniuliza.

Nikamwambia itakaa mapajani mwangu, na asiniongeleshe mpaka tufike. Akacheka njia nzima peke yake.

Ndalu tulikawia. Mwenye kupokea viazi alikuwa ameenda matangani, na ufunguo wa ghala ulikuwa kwake. Nikaingia hoteli moja, nikaagiza chai na viazi vitamu. Kwa kuwa nilitaka kumjulisha Nekesa, nikaitoa simu na kuiweka mezani. Mhudumu, mama mmoja mwenye haraka, akatua sahani yangu juu yake. Nikapiga kelele. Akainua sahani, akainama kuangalia.

"Woi! Nilifikiria ni trei mpya," akasema.

Kelele ile ndiyo iliyoniponza. Mzee mmoja wa meza ya pili aligeuka, akaiona simu, akamtazama mwenzake. Akatoka nje. Sijamaliza kikombe, mlangoni pakawa na foleni, kila mtu na kitambulisho mkononi. Mnakumbuka wale vijana waliopita na vioo vikubwa vya mkononi kuandikisha wakulima wa mbolea ya serikali. Basi Ndalu waliamua mimi ni mmoja wao.

"Mulembe, mkubwa," akaanza yule mzee. "Msimu ulipita mliniruka. Andika mimi kwanza."

"Mzee, hii ni simu yangu tu."

"Simu gani inatoshana na mlango ya kabati? Hata wale wengine walianza na kukataa hivyo, bana, wakaandika watu wao."

Nikaapa. Nikawaonyesha picha za kwaya, nikawachezea wimbo mmoja. Wakasikiliza kwa adabu, wakaimba hata kiitikio, na ulipokwisha mzee akanisomea namba ya kitambulisho chake. Nilikasirika, halafu nikamwonea huruma, kwa sababu alikuwa amevaa koti lake zuri kuja kunipangia foleni. Mwishowe nilimwambia ukweli wote: mke wangu kavunjika mguu, mama yake anadhani amekufa, nami nampelekea uso wake. Vitambulisho vikarudi mifukoni.

"Si ungesema," akasema mzee. Akawafukuza wenzake, kisha akanitafutia pikipiki mwenyewe na kumwonya dereva aende polepole, ati mimi nimebeba mgonjwa.

Ndalu hadi Bungoma

Mvua ilinikuta kabla ya Misikhu. Niliitoa simu kwenye mkoba, nikaitumbukiza ndani ya shati na kufunga koti juu yake. Kifua kikawa bapa na kigumu. Kila pikipiki ilipofunga breki, nilimgonga dereva mgongoni.

"Mzee, umevaa bati?" akauliza. "Hiyo kifua yako inaniumiza."

Kutoka Misikhu nilipata nafasi kando ya dereva wa lori la mahindi, mtu wa maneno machache aliyetaka tu kujua kama simu ile hupokea redio. Inapokea. Tukasikiliza matangazo ya vifo mpaka Bungoma, naye akasimama kabisa kando ya barabara ili asikie vizuri jina moja. Halikuwa la mtu wake. Akashukuru Mungu, tukaendelea.

Kwa Simiyu nilipokelewa kama shemeji anavyopokelewa. Ugali ulikuja mlima, kuku akaja na firigisi yangu kando, na mke wa Simiyu akasimama kuhakikisha simwachii mtu mfupa. Tatizo likawa moto wa simu. Kubwa hii hula umeme kama ng'ombe wa maziwa anavyokula majani, na nilipoichomeka tu, stima ikapotea mtaa mzima. Asubuhi nikaikuta na chaji chini ya nusu.

"Inatosha," akasema Simiyu. "Lakini leo usicheze wimbo."

Bungoma hadi Lwakhakha

Tulipanda pikipiki mbili, Simiyu mbele. Barabara ilikuwa telezi na tulisukuma mahali pawili, matope mpaka magotini. Tulipokaribia mpakani, simu ikatetemeka kifuani. Nikaitoa kwa furaha nikidhani ni Nekesa. Ulikuwa ujumbe wa kunikaribisha Uganda. Tangu hapo kila nilipotaka kumpigia mke wangu, simu iling'ang'ania mtandao wa ng'ambo ya mto, nao haukuwa na habari na bando yangu. Ilibidi nisimame, niilazimishe irudi Kenya, ikubali dakika chache, kisha ivuke tena. Nikaitukana. Ni mara ya kwanza kuitukana.

Tulipopita kanisani, gari la madaktari lilikuwa limeshafika. Wazee walikuwa wakisaidiwa kupanda, mmoja mmoja, na vifurushi vyao. Simiyu akazungumza na dereva, akarudi akikimbia.

"Anasema akijaza tu, anaenda. Hawezi kungoja mtu mwenye amekataa."

Kwenye kichuguu

Bomani kwa mama mkwe nilifanya nilivyozoea. Nilisimama nje kando ya ghala, nikaupa mlango mgongo, nikakohoa. Kutoka ndani nikasikia kikohozi chake. Ndiyo salamu yetu.

Nikaifungua simu kwa uso wangu, Simiyu akaingia nayo ndani. Akatoka. "Imelala," akasema. Nikaiangalia, ikafunguka. Akaingia. Akatoka tena: chini ya mabati ya nyumba ile hakuna mtandao hata wa Uganda. Mahali pekee panapokamata ni juu ya kichuguu, hatua chache kutoka ghala nilipokuwa nimesimama.

Simiyu akamwambia mama atoke. Nikasikia mzozo kwa Kibukusu, kisha mama akasema kwa sauti, ili nami nisikie, "Siendi huko. Mkwe wangu amesimama hapo. Na Nekesa hayuko ndani ya hiyo kitu."

Honi ikalia barabarani. Simiyu akanitazama, akaitazama njia, akanisukumia simu mkononi. "Mimi naenda kulalia mbele ya hiyo gari," akasema. "Nyinyi wawili mtajua." Akatimka.

Tukabaki, mimi nje na mama ndani, na katikati hakuna mtu wa kupeleka neno. Sikuwahi kusema na mama mkwe moja kwa moja. Nikasema na ghala. Nikaliambia ghala kwamba Nekesa anangoja kupigiwa sasa hivi, kwamba chaji inaisha, na kwamba mtu akitaka simu hii aishike mwenyewe, mimi nitaingia kwenye migomba.

Kisha mlango ukalia. "Mikono yangu inatetemeka," sauti ikasema, nayo pia ilikuwa ikizungumza na ghala. "Hiyo kitu ni kubwa, itaanguka. Lakini kama ni kubwa hivyo, mwenye kuishika si anaweza kujificha nyuma yake?"

Nawaambia, sijui wazee wetu wangesema nini. Nilipanda kichuguu, nikairudisha simu Kenya na kumpigia Nekesa kwa video, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikainua simu kwa mikono miwili mbele ya uso wangu, kioo kikimwelekea yeye. Ilinifunika mpaka kidevu. Nilichoona ni mgongo wa simu tu, na chini yake, miguu ya mama mkwe ikija taratibu kwenye majani, na ncha ya leso.

"Mayi," Nekesa akamwita mama yake kutoka kwenye simu.

Miguu ikasimama. "Wewe ni Nasimiyu."

"Ni mimi, Mayi."

"Nasimiyu, usinidanganye tena. Walinidanganya kwa mzee. Geuza shingo nione mahali uji ilikuchoma."

Sikuona, lakini nilijua Nekesa anafungua kola na kugeuza shingo. Kovu lile naamka nalo kila siku. Miguu ikasogea mpaka ikakaribia yangu. Nikasikia pumzi.

"Sogea karibu kabisa," mama akasema. "Nionyeshe na mguu."

"Huu hapa. Watoto wa Mama Njoroge wameuchora ng'ombe."

Mama akaita jina la binti yake. Akaliita tena, na tena, polepole, kama mtu anayelionja, kisha akaanza kulia kwa sauti ndogo. Nekesa naye huko Kitale akalia. Mikono yangu ilikuwa juu, imekufa ganzi, siwezi kufuta chochote, na mimi pia machozi na makamasi yakanishuka mpaka kwenye ndevu. Siwafichi. Nilikuwa nimedhani nampelekea mama mkwe faraja, kumbe hata mimi tangu mke wangu aanguke ngazini sikuwa nimelia.

Mama akanyoosha mkono ampapase Nekesa shavu. Nikaisikia simu ikisukumwa, mara moja, mara mbili, vidole vikipita kwenye kioo. Halafu kilio chake kikakatika ghafla.

Miguu haikusogea. Nikadhani mtandao umevuka mto.

"Baba Nafula," Nekesa akaita kwa sauti ya mshangao. "Kwani unalia?"

Nekesa ananionaje, nami niko nyuma ya simu? Kisha nikaelewa. Vidole vya mama vilikuwa vimegusa vitu viwili pale kwenye kioo: kamera ikageukia nyuma, upande wangu, na picha zikabadilishana nafasi. Mbele ya mama mkwe wangu, kwa ukubwa wote niliolipia kwa majivuno, palikuwa uso wangu mwenyewe, macho mekundu, ndevu zimelowa. Nikiiteremsha simu ataniona mzimamzima. Nikiishikilia ananiona hivyo hivyo. Nikafumba macho, kama mtoto anayedhani akifumba haonekani.

Nilingoja apige ukemi, nilingoja akimbie. Nikasikia kikohozi chake, kile kile ninachokijua, lakini mara hii kilikuwa karibu sana na hakikuwa na hofu.

Simiyu akaja akihema. "Mama! Gari limejaa, wamekuwekea kiti moja, twende!"

"Simiyu," mama akasema, bila haraka, "haya macho yangu ni mabaya kabisa. Hapa juu naona ukungu tu. Sijaona mtu yeyote."

"Lakini Nekesa—"

"Nekesa nimeona. Yuko hai, na ni mchafu, ajipake mafuta. Mtu mwingine sijaona. Leta kifurushi, nipeleke kwa daktari."

Miguu ikageuka, ikashuka kichuguu. Sikuiteremsha simu mpaka niliposikia gari likiondoka, na hata hapo nilifungua jicho moja kwanza.

Kurudi Kitale

Simu ilizima kabla sijafika Bungoma, nami sikuihitaji. Nilirudi nimenyamaza, nikitazama mashamba, hata waliotaka kujua nimebeba nini mkobani sikuwajibu. Nilipoingia ndani Nekesa alinitazama, nikamtazama, tukacheka mpaka akashika plasta yake kwa maumivu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kitambaa kilipofunguliwa, jicho lile la kushoto lililokuwa giza likaona kuta, mlango, na daktari, ambaye mama alimwambia ni mdogo mno kuachiwa kisu. Hayo yote tuliyasikia kwa Simiyu. Kuhusu kichuguu, hakuna aliyeulizwa, hakuna wazee walioitwa, hakuna mbuzi aliyetozwa.

Juzi Simiyu alikuja hapa Kitale kumjulia hali dada yake. Alikuwa na kikapu, na ndani yake jogoo mnene amefungwa miguu. Nekesa akanyoosha mkono ampokee.

"Si yako," Simiyu akasema, akinigeukia. "Mama amesema hii ni ya yule mtu hakumwona. Ati ale yote, amekonda mashavu."